Mkojo wa Mtani Wangu wa Muheza

Wanangu mlioanza juzi kuvaa koti jeupe la maabara, niwaambie jambo ambalo chuoni hawakuwaambia: kazi hii ni tamu! Najua mnakunja nyuso. Mlitegemea mashine zenye vitaa vya rangi, mkakuta foleni ya watu wenye vikopo vya mkojo mkononi, na sasa mama zenu wanawauliza kama hicho ndicho mlichosomea. Mama yangu naye aliniuliza. "Paskalia, baba yako katoka Unyamwezi kuja kukata mkonge, kachomwa na miiba mpaka kazeeka, ili wewe ushike mikojo ya watu?" Nikamwambia ndiyo, mama, tena kwa mikono miwili.

Nimeishika zaidi ya miaka thelathini, hapa Tanga mjini na vijijini pia. Pale Ngamiani ninapokaa, jina langu la ubatizo wanalijua padri na wanajumuiya tu. Wengine wote wananiita Mama Vikopo, na nikipita dukani wanaume wazima huficha chupa zao za maji wakisema mama asije akazipima. Nami huwajibu kwamba wengine wao nikiwatazama macho tu najua majibu.

Leo nataka kuwaeleza kipimo kimoja cha zamani, cha taa ya spiriti na mrija wa kioo, ambacho hamjakitumia na wengi wenu hamtakitumia. Kuna mtu yuko hai kwa sababu yake. Nikilikumbuka jambo hili mpaka leo furaha inanipanda, kwa hiyo mnisamehe nikirukaruka katika kusimulia.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Semkiwa, Msambaa mwembamba aliyeanza kazi ujanani kwa kuosha vioo kule Amani, kwenye kituo cha utafiti. Aliosha vioo mpaka akajua kilichokuwa ndani yake. Hakuwa na cheti kirefu, lakini madaktari walimwendea kwa adabu. Alitufundisha kwamba mkojo una salamu zake. Kwanza utazame kwenye mwanga. Pili unuse, usione haya. Tatu utikise, uhesabu povu linakaa muda gani. Nne ndipo uupashe moto. "Mkojo haupikwi," alikuwa akisema, "unabembelezwa." Alishika mrija kwa chini, akauinamisha juu ya taa, ile sehemu ya juu tu ndiyo ipate moto, huku macho yake hayabanduki. Ukungu mweupe ukitokea, anadondosha tone la siki. Ukungu ukibaki, hiyo ni protini, na figo za mwenye mkojo zina neno la kusema.

Sisi vijana tulimwona anachelewesha foleni. Asubuhi mikojo thelathini, yeye anabembeleza mmojammoja!

Basi nikabuni njia yangu. Mimi nilikuwa mwepesi wa mikono na mwepesi wa kujisifu. Pale maabara tulikuwa na sufuria la kuchemshia maji ya chai. Nikaona, kwa nini niupashe mmojammoja? Nikapanga mirija kumi kwenye kishikio cha waya, nikaitumbukiza yote kwenye maji yanayotokota, nikaenda kuandika vitabu vya majibu. Nikirudi, iliyochafuka naandika "protini ipo," iliyo safi naandika "hakuna." Foleni ikaisha kabla ya saa nne. Wenzangu wakanipigia makofi. Niliringa siku hizo, msiulize.

Siku moja Mzee Semkiwa akaja akasimama mbele ya kishikio changu, mirija imeshatolewa, inapoa, na vyeti vya majibu nimeshagawa. Akainua mmoja. "Huu umeandika nini?" Nikatazama kitabu: hakuna. "Tazama tena." Wanangu, mrija niliouacha safi kama maji ya kisima ulikuwa umejaa ukungu mzito mweupe! Nikadhani kuna mtu kanichezea. Mzee hakugomba. Akawasha taa, akaupasha ule mrija polepole mpaka ukachemka, na ule ukungu ukayeyuka machoni pangu, ukaondoka wote. Akauweka upoe. Ukarudi.

Ndipo akanieleza. Protini ya kawaida ya figo, ukiichemsha inaganda na haiyeyuki tena, kama ute wa yai. Lakini iko nyingine, ya nadra, inayoganda mkojo ukiwa umepata moto wa kiasi tu, ukichemka inayeyuka, ukipoa inarudi. Hiyo haitoki kwenye figo. Inatoka ndani ya mifupa, kwenye uboho, ambako damu inatengenezwa. Mtu mwenye mkojo huo ana saratani ya damu, na figo zake zimo mbioni kuziba. Mimi na sufuria langu la chai tulikuwa tukiichemsha mpaka inayeyuka, kisha tunaandika "hakuna."

Mwenye mkojo alikuwa mwalimu wa kike aliyelalamikia mbavu. Nilikimbia mpaka stendi na kitambaa kichwani kimedondoka. Basi lake lilikuwa limeondoka, na kwenye kitabu tulikuwa na jina moja tu na neno "Handeni." Hakukuwa na simu za mkononi. Tuliandika barua tatu kwa mwalimu mkuu wa shule tuliyoidhania, haikujibiwa hata moja. Sijui alipona, sijui alikufa, najua tu kwamba mkononi mwake alishika karatasi yenye mwandiko wangu inayosema hana kitu. Iliniuma, na bado inaniuma. Sufuria nililitoa maabara siku ileile, chai tukawa tunaifuata kantini.

Msije mkadhani nachukia mashine. Zilipokuja nilikuwa wa kwanza kuzikumbatia! Vile vijiti vya rangi, unachovya, unatazama, umemaliza, nilivipenda kama mtoto anavyopenda kashata. Vimeokoa wajawazito wengi. Lakini kijiti kina jicho moja. Kinaona ile protini ya kawaida, basi. Ile ya mifupani ikipita mbele yake hata ndoo nzima, kijiti kinakaa na rangi yake ya njano, kimenyamaza. Lishikeni hilo.

Na shikeni jingine: ulizeni chupa imetoka wapi. Bwana mmoja wa Pangani aliniletea mkojo kwenye chupa ya marashi ya mkewe, maabara nzima ikanukia harusi, na majibu yalinichanganya nusu saa. Mwingine tulimwona ana sukari ya kutisha, daktari kashaanza kumwandikia dawa, nikauliza chupa ilikuwa ya nini, kumbe ya sharubati ya ukwaju, na hakuisuuza. Alikuwa mzima kuliko mimi. Kuuliza si ujinga, tena katika kazi yetu kuuliza ni nusu ya kipimo.

Sasa nije kwa mtani wangu.

Kama hamjui utani, waulizeni bibi zenu. Sisi Wanyamwezi tuliokuja mashambani mwa mkonge tulikuta Wabondei wenyeji wa Muheza, na tangu enzi za misafara wao na sisi ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu na ukacheka. Anaweza kuingia jikoni kwako akafunua chungu. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kuwachekesha wafiwa, na hapo hapo ndiye anayechimba kaburi. Mtani wangu mimi ni Athumani Mhina, dalali wa machungwa pale Muheza, rika langu, sauti kubwa, kofia ya kiua haimtoki kichwani. Tunafahamiana tangu baba yake alipokuwa akimwita baba yangu "bidhaa ya treni." Kila msimu lazima aniletee tenga la machungwa, na kila msimu lazima nimwambie ni machungu.

Mwaka ule nilikuwa nimeshastaafu. Msimu ukaingia, ukashika kasi, tenga halikuja. Nikasema ala! Nikajifunga kanga, nikaenda Muheza kumnyang'anya.

Nilimkuta amelala chali kwenye mkeka ukumbini, mchana kweupe. Godoro lilikuwa linamwumiza.

"Mtani," nikamwambia, "nimefuata machungwa yangu."

"Kayachume mwenyewe, we Mnyamwezi. Mie mgongo umekatika."

Akaishia hapo. Nikaogopa palepale, kwa sababu Mhina hajawahi kunijibu tusi moja. Huwa kumi.

Mkewe, Bi Zaina, akanivuta uani. "Dada, ni miezi hii," akasema. "Kaanza mgongo, tukasema matenga hayo, kazi ya ujana anaifanya uzeeni. Kapigwa sindano, kapewa vidonge vya maumivu, asubuhi viwili, jioni viwili, vikiisha twanunua tena. Maumivu hayendi. Sasa anatapika. Maji anakunywa utadhani kala ng'onda wa chumvi. Choo siku ya nne leo hajaenda. Na maneno, dada, maneno yampotea. Jana kaniita jina la marehemu mama yake."

Akaniletea vyeti kwenye mfuko wa nailoni. Nikavisoma nimesimama. Kipimo cha figo kilikuwa kimepanda vibaya sana. Damu pungufu. Daktari ameandika kwamba huenda ni vile vidonge vya maumivu vimechoma figo, na ni kweli vidonge hivyo vinachoma figo, wala hakukosea kuandika hivyo. Aende Dar kwa rufaa, kusafishwa damu kwa mashine. Na chini kabisa, kipimo cha mkojo kwa kijiti: protini, hakuna.

Wanangu, moyo uliniruka! Figo zimeharibika kiasi hicho, mifupa inauma, damu imepungua, kiu, usahaulifu, na mkojo hauna kitu? Nilisikia kama Mzee Semkiwa kasimama nyuma yangu na taa yake.

"Rufaa mnakwenda lini?"

"Hataki," Bi Zaina akasema, machozi yakamtoka. "Asema anayefungwa kwenye mashine harudi. Yule jirani yetu kaenda, karudi kwenye sanda. Mganga kamletea mizizi ya huko juu Amani, ndiyo anywayo. Vipimo pia hataki tena. Asema katobolewa vya kutosha."

Hali ndiyo ilikuwa hiyo: mtu wa miaka sitini hivi, figo zake zinafungwa siku baada ya siku, naye ameamua kufia mkekani. Nikarudi ukumbini, nikakaa chini, mkobani nikatoa kikopo. Nimestaafu, ndiyo, lakini mkobani mwangu hakukosekani kikopo.

"Mtani, nipe mkojo."

Akafumbua jicho moja. "Nishatoa mara tatu. Mwautaka wa nini, mwaupikia?"

"Wale waliuomba kama wapimaji. Mimi nauomba kama mtani. Umeninyima machungwa, sasa nachukua mkojo. Utaninyima na huo?"

"Ondoka, Mnyamwezi."

"Sikiliza, Mhina. Ukifa wewe, nani atakayevaa kofia yako hiyo msibani akaigiza unavyotembea? Mimi. Nani atakayelala mbele ya jeneza kulizuia mpaka wanao walikomboe kwa pesa? Mimi. Nina magoti mabovu. Nikilala pale mbele sitainuka, watatuzika pamoja, na utakaa na Mnyamwezi ubavuni mpaka kiyama."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, ameshika mbavu kwa maumivu, lakini alicheka, na mkewe mlangoni akacheka huku analia. "Mwanamke wewe umelaaniwa," akasema. "Zaina, niinue." Utani hauna hapana, naye alijua.

Aliutoa kidogo sana, haukufika nusu ya kikopo. Nikafunga kifuniko vizuri, nikakitikisa mlangoni kwenye mwanga. Povu! Povu jeupe, zito, limesimama. Nikasali Salamu Maria moja, povu liko. Ya pili, liko. Ya tatu, liko. Mkojo usio na protini haufanyi hivyo, hilo ningemwapia mtu yeyote. Nikamwambia Bi Zaina amfiche vile vidonge vya maumivu na mizizi pia, asipewe hata kimoja, ampe maji tu, mimi narudi.

Tanga mjini kuna kituo kidogo cha afya ambako anafanya kazi Rehema, mwanafunzi wangu wa mwisho kabla sijastaafu. Binti mzuri, mwepesi wa mikono, na anajisifu kidogo. Naujua vizuri ugonjwa wake, niliwahi kuuugua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Una siki? Una kipimajoto? Una sufuria?"

"Bibi, wataka kupika?"

Nikampa kikopo. Akachovya kijiti kwanza, haya, rangi ya njano. "Hakuna protini, bibi."

"Kitikise."

Akakitikisa. Akatazama povu. Akatazama kijiti. Nikaona uso wake unabadilika, na hapo nilimpenda zaidi, kwa sababu wapo ambao wangeamini kijiti na kulikana povu linalowatazama.

Taa ya spiriti hawakuwa nayo tena. Tukachukua sufuria la chai, ndiyo, lile lile balaa langu la ujanani, tukalijaza maji baridi, tukaliweka juu ya jiko la gesi moto mdogo, kipimajoto ndani. Mkojo kwenye mrija, matone mawili ya siki, mrija ndani ya maji. Nikamkataza kubandua macho. Arobaini, safi. Hamsini, nilisikia Rehema anahema. Kabla ya kufika sitini ukungu ukaanza chini ya mrija, ukapanda, ukajaa, mweupe pepepe!

"Bibi! Ipo!"

"Nyamaza, tazama."

Maji yakaanza kuimba. Themanini. Tisini. Yakatokota. Na ule ukungu, wanangu, ukaanza kupungua pembeni, ukawa mwepesi, ukawa kama moshi, ukapotea! Mkojo ukabaki safi kana kwamba haukuwahi kuchafuka. Rehema alinishika mkono, kucha zikaniingia. Nikautoa mrija, nikaushika hewani, tukangoja. Ulipopoa, ukungu ukarudi. Nilipiga kelele! Mwanamke mzima, mstaafu, bibi wa wajukuu saba, nilipiga kelele na kuruka, na yale magoti mabovu sijui yalikuwa wapi. Mlinzi akaja kuuliza kama kuna nyoka.

Kisha furaha ikanishuka ghafla, maana nilikumbuka kuwa tulichokuwa tukikishangilia ni saratani ya mtani wangu. Hivyo ndivyo kazi yetu ilivyo. Unafurahi kwamba umemwona mwizi, wakati huohuo unajua nyumba aliyomo ni ya nani.

Jumatatu Rehema akaenda Muheza mwenyewe kumtoa damu. Mhina alimpa mkono bila ubishi, akasema huyu wa leo angalau si Mnyamwezi. Tulipopaka tone lake kwenye kioo na kuweka chini ya hadubini, chembe nyekundu zilikuwa zimegandana safu kwa safu, kama sahani zilizopangwa baada ya shughuli. Damu yenye protini nyingi hufanya hivyo. Na kwenye ule mrija mrefu wa kupimia damu inashuka kiasi gani kwa saa moja, damu yake ilishuka karibu yote. Kila kitu kilielekeza kidole mahali pamoja.

Nilikwenda kwa daktari aliyeandika rufaa nikiwa nimejiandaa kugombana. Alikuwa kijana, miwani, shati limekunjwa mikono. Nikamwekea mrija mezani na maneno yangu makali yako tayari.

"Bibi," akasema, "umeiona kwa macho yako ikiyeyuka?"

"Kwa haya haya."

"Naomba na mimi niione."

Yale maneno makali ikabidi niyameze. Alikuja na mguu wake mpaka kwa Rehema, tukasimama watatu kuzunguka sufuria la chai, na ilipoyeyuka alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema amelisoma jambo hili kitabuni, hajawahi kuliona. Kipimo hiki peke yake hakitoshi, wanangu, lazima uboho uchunguzwe na damu ipimwe kwa mashine kubwa. Lakini kilitosha kumfanya ashike simu na kuongea na wenzake wa Dar siku ileile.

Yeye ndiye aliyemweleza Mhina, nami nilikuwepo. Alikaa mkekani, viatu nje. "Mzee, figo zako hazijachomeka tu. Kuna chembe za damu zimepagawa huko ndani ya mifupa. Zinamwaga takataka kwenye damu, na takataka hizo zinaziba figo, kama machicha ya nazi yanavyoziba bomba la jikoni. Mifupa nayo inaliwa, ndiyo maana mgongo unauma, na chokaa yake iliyomwagika kwenye damu ndiyo inayokupa kiu na kukupoteza maneno."

"Basi nimekwisha," akasema Mhina.

"Bado. Yule jirani yako sijui figo zake zilikuwaje. Zako zimezibwa. Tukikausha kinachomwaga, huenda zikafunguka. Mashine ni ya kukuvusha tu wakati tunakausha. Siahidi. Lakini kila siku unayolala hapa, sehemu nyingine zinaziba na hazitafunguka tena."

 Mhina akageuza kichwa kwangu. "Naye huyu atakuja Dar?"

"Sitakuja," nikasema.

"Basi nitakwenda."

Dar walithibitisha kwa uboho. Akaanza dawa za saratani, sindano na vidonge, na mara tatu kwa wiki akafungwa kwenye ile mashine aliyoiogopa. Bi Zaina alinipigia kila siku baada ya alasiri. Wengine wanauliziana habari za hali ya hewa, sisi tulikuwa na swali moja: amekojoa kiasi gani? Kijiko cha kulia. Nusu ya kikombe cha kahawa. Siku nyingine hamna kabisa, na siku hiyo aliikata simu bila kuaga. Wiki zikapita. Rehema akaacha kuniuliza, akawa ananitazama tu. Nami nilianza, nawaambia ukweli, kumwona yule mwalimu wa mbavu katika ndoto, amenipa mgongo anapanda basi.

Sasa mtaniuliza, alipona? Saratani hii madaktari hawasemi imepona, wanasema imelala. Bado anakwenda kwa dawa, amekonda, kimo kimepungua vidole viwili, na matenga habebi tena, anakaa kwenye kiti na kuwafokea wanaobeba. Huenda siku moja itaamka. Hilo analijua, na mkewe analijua. Lakini figo ni habari nyingine, na siku ya figo nitaikumbuka mpaka naingia kaburini.

Nilikuwa kwenye jumuiya, nyumbani kwa jirani, tumepiga magoti, tuko katikati ya maombi ya wagonjwa. Simu ikalia. Nilisahau kuizima, mwenyekiti akanikazia macho, nikaona jina la Bi Zaina na haukuwa wakati wake wa kawaida. Nikapokea palepale juu ya magoti yangu, nimefumba macho.

"Dada! Dada Paskalia! Kajaza chupa! Nesi kaleta ya pili, nayo yaelekea kujaa! Daktari mwenyewe kaja kutazama, asema figo zimeamka, kesho hafungwi mashine, dada, wasikia? Kesho hafungwi!"

Nikasimama. Nikasahau niko wapi. "Amekojoa!" nikapiga kelele mbele ya wanajumuiya wote. "Mhina amekojoa!"

Wote wakanigeukia. Kisha bibi mmoja kiziwi kiziwi, aliyekaa karibu na mlango, akaitikia kwa sauti, "Tumshukuru Mungu!" na nyumba nzima ikaangua kicheko na vigelegele, hata mwenyekiti. Nililia, wanangu. Nililia hadharani bila kujifuta.

Simuni nikasikia msukosuko, watu wanapokezana, halafu sauti nzito, dhaifu, lakini ile ile ya sokoni.

"Mnyamwezi, uko hapo?"

"Nipo, mtani."

"Nasikia wapiga kelele. Tulia. Huu wa leo sikupi. Huu nautazama mwenyewe."